Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Kasri la Kale la Beijing: fungueni upya jalada la wajakazi wa 1542

Kwa uongozi wa Makumbusho ya Kasri, Beijing, na kwa wote waliokabidhiwa nyaraka na makaburi ya watawala wa Ming, ukoo uliotawala China zama hizo.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Malindi.

Nawaandikia kuhusu jalada lililofungwa kwa pupa mwaka 1542, ndani ya kasri mnalolitunza. Wajakazi 16 na masuria wawili wa Kaizari Jiajing walitolewa nje, wakauawa sokoni kwa kukatwa vipande vipande, kwa kosa la kutaka kumnyonga bwana wao usingizini. Tangu siku hiyo wameitwa wahaini. Naomba kesi yao ichunguzwe upya, kwa nyaraka na kwa vipimo, na vifo vyao vihesabiwe pale vinapostahili: miongoni mwa vifo vilivyoletwa na ibada ya kutafuta uzima wa milele, ibada iliyomshika Kaizari yule hadi akaacha kutawala.

Nianze na usiku wenyewe, tarehe 27 Novemba 1542. Kaizari alikuwa amelala kwa suria wake Cao, aliyempenda kuliko wengine. Kwa mujibu wa maungamo yaliyoandikwa, Yang Yuxiang ndiye aliyeleta kamba, uzi wa hariri uliotolewa kwenye mapambo ya msafara wa kifalme. Akampa Su Chuanyao, naye Su akampa Yang Jinying, aliyefunga kitanzi. Xing Cuilian alitoa kitambaa cha hariri ya manjano, Yao Shucui akamfunika nacho Kaizari usoni. Mmoja akamkandamiza kifua, wengine wakamshika mikono, wengine miguu, kisha wakavuta. Kitanzi hakikukaza. Yang Jinying alikuwa amefunga fundo lisiloteleza, na kadiri walivyovuta ndivyo lilivyogoma. Mwenzao Zhang Jinlian alipoona mambo yameharibika alitoka mbio kwenda kumwamsha Malkia Fang. Malkia akaja, akalegeza kamba, matowashi wakaingia, wote wakakamatwa. Zhang Jinlian naye aliuawa pamoja na wenzake; kukimbilia kwa malkia hakukumsaidia kitu.

Kaizari alikuwa hana fahamu. Tabibu mkuu wa kasri, Xu Shen, alimpa dawa kali ya kusukuma damu asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, na ilipofika alasiri mgonjwa akatoa sauti, akatapika damu iliyoganda, kisha akaweza kusema. Xu Shen mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo. Alisema ni hofu ya asubuhi ile iliyomwingia mwilini, kwa kuwa alijua dawa ikishindwa naye anakufa. Hata huyu mponyaji, mimi namweka kwenye orodha ya waliokufa kwa sababu ya usiku ule.

Sasa naomba mnisikilize kuhusu namna kesi ilivyoendeshwa, maana ndipo penye kasoro. Historia rasmi ya Ming inasema Kaizari alikuwa hawezi kusema kwa mshtuko, na Malkia Fang ndiye aliyetoa amri ya mauaji kwa jina lake. Wajakazi walihojiwa na matowashi chini ya Zhang Zuo, na kila anayejua jela za matowashi wa Ming anajua kuhojiwa huko kulikuwaje. Kwenye majibu yao ndipo yalipotokea majina ya masuria wawili: Wang, kwamba ndiye aliyepanga, na Cao, kwamba alijua akanyamaza. Malkia hakungoja Kaizari apone. Suria kipenzi cha mumewe aliuawa pamoja na wengine, na jamaa zao zaidi ya kumi wakauawa kwa damu tu. Historia hiyohiyo rasmi inakiri kwamba Cao hakujua lolote, na kwamba baada ya muda mrefu Kaizari mwenyewe alitambua kuwa alidhulumiwa. Kwa hiyo hukumu ya mmoja kati ya wale 18 ilikwisha kukanushwa na dola iliyoitoa. Hukumu za wengine zilitoka kwenye mahojiano yaleyale, kwa wahojaji walewale.

Ukisoma maungamo kwa makini unaona kila kiungo cha Kaizari kina jina la mtu aliyekishika. Kwenye giza, kwa haraka, kwa hofu, watu zaidi ya kumi juu ya kitanda kimoja, halafu kila mmoja anakumbuka mguu alioukamata nani? Huenda ndivyo ilivyokuwa. Huenda pia mwandishi wa towashi alihitaji kila aliyekamatwa awe na sehemu yake, ili asibaki hata mmoja wa kusamehewa.

Na kuna maneno ndani ya maungamo hayo ambayo mimi nimeshindwa kuyapita. Siku chache kabla ya tukio, wanawake hao waliambiana kwamba afadhali wao watangulie kutenda kuliko kufia mikononi mwake. Hilo ndilo pekee katika maandishi yale linalokaribia kueleza sababu. Swali linalofuata halimo. Kufia mikononi mwake kwa namna gani? Nani alikuwa ameshakufa kabla yao? Mhoji yeyote anayetafuta ukweli angesimama hapo siku nzima. Wao waliandika sentensi, wakaendelea na kamba na kitambaa.

Waheshimiwa, majibu ya swali hilo yako karibu nanyi kuliko yalivyo karibu na mtu mwingine yeyote duniani. Kaizari Jiajing alipanda kitini mwaka 1521 akiwa kijana wa miaka 13, na haukupita muda mrefu akamwita kasrini kasisi wa Dao, Shao Yuanjie. Shao alipokufa mwaka 1539, nafasi yake ilichukuliwa na Tao Zhongwen. Sina ugomvi na dini ya Dao, ambayo ni ya kale na ina watu wake waadilifu hadi leo. Ninachozungumzia ni ile iliyopikwa ndani ya kuta zile: vidonge vya zebaki na risasi, dawa iliyotengenezwa kwa damu ya hedhi ya wasichana, nyingine kwa mkojo wa wavulana uliochemshwa hadi ukabaki unga. Gu Kexue alipanda hadi cheo cha waziri kwa sababu ya unga huo. Mwaka 1540 Kaizari alipotaka kumwachia mwanawe mdogo shughuli za dola ili yeye ajifungie kutafuta uzima wa milele, ofisa Yang Zui aliandika kumpinga. Alipigwa viboko hadi akafa. Huyo ni mfu mwingine wa ibada ile, na yeye angalau jina lake linasomwa kwa heshima. Mwaka 1542, mwaka uleule wa kitanzi, likakamilishwa hekalu la Dagaoxuan, hatua chache tu kutoka kasrini, ambalo leo liko mikononi mwenu na mmekuwa mkilikarabati.

Baada ya usiku ule mtu angedhani kasri litashtuka na kujiuliza. Kaizari alihama, akaenda kukaa Bustani ya Magharibi, na kwa miaka zaidi ya 20 iliyobaki hakurudi kuishi ndani ya Kasri. Aliacha kukutana na mawaziri wake. Tao Zhongwen ndiye aliyekuwa akiingia, akipewa kiti, akiitwa mwalimu. Kisha yakaja haya, ambayo mwandishi Shen Defu, aliyezaliwa mwaka 1578, aliyaweka kwa tarakimu: katika majira ya baridi ya 1552 wasichana 300 wa miaka minane hadi 14 walichukuliwa kuingia kasrini, na mwaka 1555 wakachukuliwa wengine 160, wote chini ya miaka kumi. Shen anasema wazi kwamba ni kwa ushauri wa Tao Zhongwen, kwa ajili ya kutengenezea dawa.

Vigori 460. Sisi wa pwani tunalo neno hilo, kigori, kwa mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, na mila zetu zimejengwa kumlinda katika umri huohuo. Hao walichukuliwa ili wangojewe wavunje ungo, damu yao ikusanywe. Walilishwa nini? Walipewa dawa gani kuharakisha siku zao? Wangapi walifika miaka 20, na waliokufa walizikwa wapi? Mtandaoni linazunguka simulizi kwamba walilishwa majani ya mforosadi na umande tu ili damu yao iwe safi. Wengine wanalirudia kwa uhakika kabisa, na hawasemi wamelitoa wapi. Hilo ni la kwenu kulithibitisha au kulifuta. Mkilinyamazia, wauzaji wa visa vya kutisha watawasemea, na wale watoto watabaki kuwa kiburudisho cha watu.

Mtaniuliza haya yananihusu nini, mimi wa Malindi. Yananihusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ambari. Wavuvi wa pwani hii wamekuwa wakiiokota ufukweni tangu enzi na enzi, ile nta ya nyangumi yenye harufu inayopendwa na wafanyabiashara wa manukato. Mwaka 1225 ofisa wenu Zhao Rugua aliorodhesha bidhaa za pwani ya Zanj, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki: pembe za ndovu, dhahabu, ambari, msandali. Kaizari Jiajing alikuwa na kiu ya ambari kwa ajili ya ubani wa ibada zake na dawa zake. Mwaka 1555, mwaka uleule wa wale watoto 160, kasri liliagiza ambari ya uzito wa kati 100 (kati ni kipimo cha Kichina), sawa na kilo 60 hivi, na likatangaza bei ya wakia 1,200 za fedha kwa kila kati moja. Waliotumwa Macao kuitafuta kwa wafanyabiashara wa kigeni walirudi na wakia 11 tu. Jikoni mwa ibada ile mlifikia biashara ya bahari yetu. Mnapoeleza historia ya safari za China na Afrika mnapenda kumtaja twiga aliyetoka Malindi mwaka 1415, nasi tunafurahi akitajwa. Basi naomba na ambari itajwe, na ilikuwa ya kufanyia nini.

Ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 2023, mwendo mfupi kutoka hapa ninapoandika, msitu wa Shakahola ulifukuliwa, ikatolewa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Mungu. Wengi walikuwa watoto. Kazi iliyofuata, na iliyochukua muda mrefu, ilikuwa kupima DNA ili kila mwili upate jina na kila jamaa apate wake wa kumzika. Nimeona watu wazima wakingoja jina tu. Kwa hiyo nikisoma "wasichana 300" pasipo hata jina moja, sisomi kama msomaji wa visa vya kale.

Turudi kwa Kaizari mwenyewe, kwa sababu naye ni mmoja wa wafu wa kesi hii. Mwaka 1566 ofisa Hai Rui alinunua jeneza, akaaga nyumbani, akapeleka waraka wa kumkemea. Alimwambia kwamba Tao Zhongwen, yule aliyemwita mwalimu, amekwisha kufa. Kama yeye hakuweza kuishi milele, vipi wewe uweze? Hai Rui alitiwa gerezani. Tarehe 23 Januari 1567 Kaizari alirudishwa kutoka Bustani ya Magharibi hadi Qianqing, jumba la makazi ya makaizari ndani ya Kasri, na akafa siku hiyohiyo. Wapika dawa, Wang Jin na wenzake, akiwemo mtoto wa Tao Zhongwen, walikamatwa na kuhukumiwa kifo kwa kumpa dawa zilizomuua. Walikaa gerezani. Mwaka 1570 waziri Gao Gong alisimama kuwatetea, na hoja yake ilikuwa ya heshima ya kiti: Kaizari ametawala miaka 45, amefika 60, aliugua akafa kifo cha kawaida, kusema aliuawa kwa sumu ni kumvunjia jina mbele ya vizazi vijavyo. Hukumu ikapunguzwa, wakapelekwa uhamishoni mpakani.

Jalada la kwanza, la 1542, lilifungwa na mtu mwenye chuki na mshtakiwa mmoja. La pili, la 1570, lilifungwa ili marehemu asiaibike. Hakuna mahali ambapo mtu aliyepewa kazi ya kujua ukweli aliachiwa nafasi ya kuujua. Nafasi hiyo mnayo nyinyi.

Na mnajua namna ya kuitumia, maana mmeshaona ikifanyika. Kaizari Guangxu, wa ukoo wa Qing uliokuja baada ya Ming, alikufa tarehe 14 Novemba 1908, siku moja kabla ya Malkia Mkuu Cixi aliyekuwa ameshika madaraka yake, na kwa miaka 100 watu walinong'ona kwamba alilishwa sumu. Mwaka 2003 wanasayansi, wakiwemo wa Taasisi ya Nishati ya Atomiki ya China, walianza kupima nywele zake, mabaki ya mifupa na nguo alizozikwa nazo, vitu vilivyohifadhiwa tangu kaburi lake lililokwisha kuibwa liliposafishwa mwaka 1980. Novemba 2008 walitangaza matokeo: arseniki, kwa kiasi cha kuua. Nchi yenu haikuvunjika kwa kusema hivyo. Watu walipata jibu.

Sisemi mfungue kaburi la Yongling analolala Jiajing. La Dingling lilifunguliwa miaka ya 1950, hariri zikaharibika hewani, na mwaka 1966 mifupa ya Kaizari Wanli na wake zake ikachomwa moto uani. Acheni Yongling ifungwe. Lakini vyombo vya ibada na vya dawa vya enzi ya Jiajing vilivyosalia katika hazina vinaweza kufutwa kwa pamba na kupimwa zebaki, risasi na arseniki, na udongo wa Dagaoxuan unaofukuliwa wakati wa ukarabati uchunguzwe kabla haujatupwa. Pia maungamo ya 1542, taarifa za mahakama, kumbukumbu za matabibu na maandishi ya kina Shen Defu yachapishwe pamoja, kila karatasi ikiambatana na tarehe yake, ili ijulikane kipi kiliandikwa mwaka uleule na kipi miaka 60 baadaye. Mathalani ile habari kwamba Malkia Fang alipoungua mwaka 1547 Kaizari alikataa aokolewe, kulipiza kisasi cha suria Cao: ina ushahidi gani? Naye Fang ni mfu wa kuchunguzwa, pamoja na yote aliyoyafanya.

Neno uchunguzi lina historia mbaya katika makasri ya China, nalijua hilo. Mwaka 91 kabla ya Kristo, Kaizari Wu wa Han alimpa Jiang Chong ruhusa ya kusaka uchawi, akachimba sakafu za kasri akitafuta vinyago vya mbao, akadai kavipata kwa mrithi wa kiti, Liu Ju. Mrithi na mama yake wakajiua, na maelfu kwa maelfu ya watu wakafa, kabla baba hajatambua kwamba mwanawe hakuwa na hatia. Kwa hiyo siombi msako wa wachawi. Naomba kazi ya mezani na ya maabara, ifanywe hadharani, wafu wasitafutiwe makosa mapya.

Na majina. Yang Jinying, Su Chuanyao, Yang Yuxiang, Xing Cuilian, Yao Shucui, Zhang Jinlian na wenzao wote, pamoja na Cao na Wang. Mamilioni ya wageni hupita Qianqing kila mwaka. Jengo la sasa ni la 1798, hilo linafahamika, lakini mahali ni palepale alipofia bwana wao. Paandikwe kwamba wanawake hawa waliishi ndani ya kuta hizi, paelezwe walichofanya, walichofanyiwa, na waliambiana nini kabla. Mgeni ataamua mwenyewe kama ni wahaini.

Kama bajeti na muda vinatosha jambo moja tu kwa sasa, anzeni na wale 460 wa 1552 na 1555. Wapeni vijana wenu wa nyaraka kazi ya kutafuta popote palipoandikwa chakula chao, mavazi yao, ugonjwa wao, mazishi yao, hata kama kitakachopatikana ni jina moja. Redio yenu ya kimataifa inatangaza kwa Kiswahili tangu 1961, wafasiri mnao. Jina hilo likipatikana, litangazeni na kwa lugha hii. Tutakuwa tunasikiliza.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa historia, Malindi